Tangi la Mwalimu

Konokono walikuwa wametoka majini. Fundi aliwaona kabla hata hajatua ndoo zake: saba, labda wanane, wamegandamana na kioo juu ya mstari wa maji, mahali pakavu, kama wapangaji waliotolewa vyombo nje. Konokono wa majini hatoki kwa kupenda. Ukimwona amepanda namna ile, kule chini hakukaliki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umechelewa leo?"

Hakuwa amechelewa. Ilikuwa saa nne kamili asubuhi, siku ile ile na saa ile ile aliyokuwa akija kila wiki kwa miaka miwili. Aliyaacha maneno yapite, akapiga magoti mbele ya tangi. Maji yaliyokuwa maangavu wiki iliyopita sasa yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Samaki wadogo wenye mstari wa buluu, ambao siku zote walipita kati ya majani kwa pamoja kana kwamba wanavutwa na uzi mmoja, walikuwa wametawanyika juu, kila mmoja na lake, midomo ikigusa hewa.

Alichota maji kidogo kwenye kichupa, akadondoshea matone ya kupimia, akatikisa. Maji mazima huacha dawa ile ikae njano. Leo iligeuka kijani hata kabla hajamaliza kutikisa.

"Mwalimu, umewalisha mara ngapi leo?"

"Mara moja tu, asubuhi. Kidole na gumba, kama ulivyonielekeza." Na huku akisema hayo, Mwalimu akanyoosha mkono juu ya rafu, akashusha kopo la chakula, akalifungua, akanyunyiza. Akafunika. Akalirudisha kopo mahali pake, lebo ikitazama mbele, kwa uangalifu wa mtu aliyeweka chaki mahali pake miaka arobaini. "Mara moja," akasema tena.

Fundi alichomoa chujio kwenye umeme, akatoa sponji, akaikamua ndani ya ndoo. Kilichotoka hakikuwa uchafu wa samaki. Kilikuwa uji mzito wa kahawia, chakula kitupu, cha siku nyingi, ambacho hakuna samaki aliyekifungulia mdomo.

*

Mtaani kwao walimwita Bwana Viputo. Kwa watu wengi, kazi ya kuzunguka nyumba za watu kuosha samaki, kama walivyosema, ilikuwa nusu ya kichekesho. "Unawaosha kwa sabuni gani?" walimuuliza. Au: "Wakinona tuite." Alicheka nao. Kabla ya hapo alikuwa fundi bomba, na aliona kazi zote mbili ni moja: maji yaingie safi, yatoke machafu, na katikati pasivuje.

Tangi la Mwalimu lilikuwa zawadi ya binti yake, aliyeishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa gari. Baba alipozikwa, binti alitazama ile sebule ya ghorofa ya tatu, viti viwili na saa ya ukutani, akasema mama anahitaji kitu kinachotembea ndani ya nyumba. Akamtafuta Fundi.

Fundi alilijenga kwa siku mbili. Alimwaga udongo mweusi chini, akaufunika kwa changarawe laini. Akalaza gogo lililochemshwa hata likaacha kutoa rangi, akalifunga mimea kwa uzi mweusi. Nyuma akapanda majani marefu, na mbele yale mafupi ya kutambaa. Akajaza maji polepole juu ya sahani ili udongo usitibuke.

"Haya, samaki sasa," Mwalimu alisema.

"Bado, Mwalimu. Wiki nne."

"Wiki nne za kutazama maji matupu?"

"Si matupu. Kuna wadudu wema wanajijenga ndani ya sponji. Hawaonekani. Hao ndio watakaosafisha uchafu. Tukileta samaki kabla yao, samaki watakufa kwa mavi yao wenyewe."

Mwalimu alicheka. Alikuwa hajacheka tangu msibani, na alicheka kwa sababu hakuna aliyewahi kulitamka neno lile mbele yake akiwa na sura nzito kiasi kile. Kwa wiki nne, kila asubuhi alikaa na kikombe chake mbele ya maji yasiyo na kitu, na Fundi akija alimpa habari: "Wadudu wangu leo wameamka vizuri."

Kisha samaki wakaja kidogo kidogo, maana tangi ni kama nyumba, halipokei wageni wote kwa siku moja. Walianza sita wa mstari wa buluu. Baada ya majuma mawili, sita wengine. Halafu kambale wadogo wa masharubu, watano, wa kuzunguka chini wakipekua changarawe. Kila mfuko ulielea juu ya maji nusu saa, mpaka maji ya ndani na ya nje yazoeane, ndipo Fundi akaufungua.

Mwaka wa kwanza ulipoelekea kwisha, samaki wakaota madoa meupe, kama waliomwagiwa chumvi. Fundi akaleta dawa. Alikuwa ameinamisha chupa tayari Mwalimu alipouliza kutoka kitini: "Umesoma nyuma yake?"

"Nimesoma."

"Pameandikwaje?"

Fundi akaigeuza chupa, akaitazama lebo. Maisha yake yote alizitambua chupa kwa rangi ya vifuniko. Kwa mambo mengine alisema amesahau miwani. Hata mkewe alidhani ni macho. Mwalimu aliinuka, akaichukua chupa mkononi mwake, akasoma kwa sauti, bila haraka. Ilikuwa dawa ya kuua ukungu wa kijani kwenye vioo. Ingewamaliza konokono, na mimea ingefuata. Dukani walikuwa wamebadilisha vifuniko.

Hakucheka. Hakutikisa hata kichwa. Aliiweka chupa mezani, akasema, "Kazi ikiisha usiondoke. Kaa pale."

Fundi alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alikaa pale.

Tangu hapo kila wiki alifanya kazi saa moja na kusoma saa moja. Kitabu kilikuwa cha watoto wa darasa la kwanza, masomo thelathini, kila somo na picha yake. Mwalimu hakumpunguzia. Akikosea alimgonga mezani kwa kalamu, si kwa hasira, kwa mazoea. Na ulimwengu ukaanza kumsemesha Fundi. Kila ubao njiani ulimwita. Kuna duka alilokuwa akilipita miaka ishirini, lenye kioo cheusi, asijue linauza nini. Siku moja alisimama mbele yake, akaunganisha herufi moja moja, akakuta ni duka la miwani. Alicheka peke yake barabarani hadi watu wakageuka.

*

Siku ile ya konokono, baada ya kubadilisha nusu ya maji na kuosha sponji, alinawa mikono akakaa mezani. Mwalimu akafungua kitabu.

"Somo la kumi na tisa," akasema. "Hili jipya, ulisome taratibu."

Lilikuwa somo la kuku aliyepotea. Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya pili, wiki iliyotangulia, Fundi alilisoma kwa mtiririko, kwa fahari, na akaona uso wa Mwalimu ukibadilika. "Nani amekufundisha hili?" aliuliza, na sauti ilikuwa na woga ndani yake, woga mdogo wa mtu aliyekuta mlango wazi na anakumbuka aliufunga.

Kwa hiyo sasa Fundi alisoma: "Ku-ku we-tu ame-potea. Tu... tume..."

"Unganisha."

"Tumem... ta..."

"Usiogope. Ni neno refu tu, halina meno."

"Tumemtafuta."

"Umeona," Mwalimu akasema, ameridhika.

Fundi alishuka ngazi siku hiyo bila mtu wa kumwambia aliyoyaona. Kesho yake alirudi, ingawa haikuwa siku yake. Na keshokutwa. Alisema maji yanahitaji uangalizi wa karibu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alikuja na wavu mdogo akaopoa chakula kilichoelea, akavuta kilichozama kwa mpira, akaondoa samaki wawili waliokufa usiku kabla Mwalimu hajawaona. Alificha kopo, akaacha jingine lenye chakula kidogo tu, cha kubandua kwa kucha. Akakuta makombo ya mkate ndani ya maji. Akaficha mkate. Siku iliyofuata, majani ya chai yalikuwa yanaelea kati ya mimea, na kambale wa masharubu wanayaonja na kuyatema.

Ndipo alipofikia kuandika. Alikaa nyumbani kwake jioni nzima na kipande cha karatasi, na asubuhi akakibandika kwenye kopo kwa gundi: NIMEWARISHA LEO. Karatasi ilizunguka kopo zima, upande mmoja nyeupe, upande mwingine imeandikwa. Akamweleza Mwalimu kwamba akishalisha aligeuze kopo, maandishi yatazame mbele.

Alipokuja tena, maandishi yalikuwa yanatazama mbele, na ile R ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu. Juu yake, kwa mwandiko mzuri wa kulala, paliandikwa L. Pembeni: *Angalia tena somo la saba.* Chini ya karatasi, kopo lilikuwa tupu, na tangi lilikuwa na ukungu.

*

Binti alipiga simu. Alikuwa na sauti ya mtu anayetembea huku akiongea.

"Fundi, samahani kukusumbua. Mama anaendeleaje? Wewe ndiye unayemwona mara kwa mara. Mimi akiongea nami kwenye simu yuko sawa kabisa, lakini juzi aliniuliza baba amekula."

Fundi alikuwa amesimama kando ya barabara na ndoo zake. Alitazama ndoo.

"Anaendelea vizuri, dada," akasema. "Samaki tu ndio walisumbua kidogo."

"Kweli?"

"Kweli. Ni mambo ya maji."

"Mungu akubariki. Ningechanganyikiwa bila wewe."

Alikata simu, akabaki pale pale. Alijiambia si kazi yake kumchongea mtu mzima kwa mwanawe. Alijiambia atasema wiki ijayo. Na chini kabisa ya yale yote aliyojiambia palikuwa na jambo jingine, ambalo alilijua lipo na hakuinama kulitazama: kitabu kilikuwa na masomo thelathini, na yeye alikuwa amefika la kumi na tisa.

Siku chache baadaye, akitoka jikoni, alimkuta Mwalimu amesimama katikati ya sebule, kopo mkononi, macho yake makavu na maangavu kuliko ilivyokuwa kwa miezi mingi.

"Fundi. Leo nimewalisha?"

"Umewalisha, Mwalimu."

"Mara ngapi?"

Alifikiria kudanganya. "Nne, nadhani. Tangu nimeingia ni mbili."

Mwalimu aliketi. Alilishika kopo mapajani kama mtu anayemshikilia mtoto wa mwenzake.

"Saa ya ukutani ikianza kuchelewa," akasema, "yenyewe haijui. Inaendelea kugonga kwa heshima zake." Kisha: "Umemwambia binti yangu?"

"Hapana."

"Utamwambia?"

Fundi alikausha mikono yake ambayo haikuwa na maji.

"Atanichukua," Mwalimu akasema. "Ana haki, simlaumu. Lakini nyumba hii naijua kwa miguu. Hata umeme ukikatika nafika jikoni bila kugusa ukuta. Kule kwake nitakuwa mgeni hata kwa vikombe."

"Mwalimu, mimi ni mtu wa samaki tu."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Nipe muda tumalize kitabu. Tukikimaliza, nitampigia mwenyewe nimweleze. Sijawahi kumwacha mwanafunzi katikati."

"Sawa, Mwalimu."

"Haya, sogea." Akavaa miwani, akalamba kidole, akafungua. "Somo la kumi na nne."

Fundi alitazama picha ya somo la kumi na nne, mtu anayechota maji kisimani. Akavuta kiti karibu. Akaanza kukwama kwenye maneno aliyoyajua.

*

Waliendelea hivyo majuma sita. Kutoka la kumi na nne walishuka hadi la kumi na moja, wakarudi la kumi na tatu, wakashuka la nane. Kati ya samaki kumi na wawili wa mstari wa buluu walibaki saba. Fundi angeweza kuleta wengine, lakini hakuona sababu ya kuwaingiza viumbe kwenye maji yale. Alichofanya ni kubadilisha maji mara nyingi zaidi, na kwa kuwa kupandisha ndoo ghorofa ya tatu kila baada ya siku moja kulikuwa kunamvunja mgongo, alileta mpira mrefu wa kufunga kwenye bomba la jikoni. Alijaza ndoo humo humo ndani, akayalaza maji kutwa ili dawa ya kusafishia maji ya bomba itoke, ndipo ayamimine tangini akirudi. Mpira aliuacha nyuma ya mlango wa jikoni. Ulikuwa mzito, na angeurudia keshokutwa.

Siku ile alichelewa kweli. Alikuwa na tangi jipya la kujenga kwa mteja wa mbali, na udongo ulitibuka, ikabidi aanze upya. Alipofika ilikuwa imepita saa saba. Kwenye ngazi za ghorofa ya pili alimkuta mshona nguo, jirani wa chini ya Mwalimu, ameshika kitambaa cha hariri kilicholowa kama anamshika mgonjwa.

"Afadhali umekuja. Dari langu linavuja tangu asubuhi. Nimegonga kule juu mpaka vidole vinauma. Najua yumo, namsikia anaongea."

Fundi alikuwa na ufunguo aliopewa tangu siku za kujenga tangi. Alipousukuma mlango, maji yalimpokea kizingitini, baridi, yakapita juu ya viatu vyake na kuanza kushuka ngazi moja baada ya nyingine. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuzima umeme kwenye swichi kubwa, kwa sababu mikono yake ilijua kabla ya kichwa. Kisha akaingia.

Mpira ulikuwa umetoka jikoni, umepita sebuleni, umeingia tangini. Bomba lilikuwa wazi. Maji yalifurika pande zote nne za kioo bila kelele yoyote, yakiteremka laini kama kitambaa cha meza. Samaki wa buluu walikuwa sakafuni, chini ya viti, mmoja juu ya zulia.

Mwalimu alikuwa amelala ubavu kati ya meza na tangi, mguu mmoja umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Nguo yake ilikuwa inaelea kidogo pembeni. Macho yalikuwa wazi.

"Niliona maji yamepungua," akasema. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Nikasema nikupunguzie kazi."

"Usiongee, Mwalimu. Nimekuja."

"Umechelewa."

"Nimechelewa," Fundi akasema. Alikuwa amepiga magoti majini, amemshika kichwa kisiguse sakafu, na nyuma yake mshona nguo alikuwa amesimama mlangoni anapiga simu, anarudia namba ya nyumba mara mbili, mara tatu.

*

Binti alifika hospitali siku ya pili asubuhi, sweta amelivaa nje ndani. Nyonga ilikuwa imevunjika, mapafu yameingiwa na baridi. Alikaa kando ya kitanda muda mrefu. Kisha alitoka, akamkuta Fundi kwenye benchi la ukumbini, mahali alipokuwa tangu jana.

"Daktari ananiuliza hali hii imeanza lini," akasema. "Kusahau. Nimemwambia haijaanza. Amenitazama kama mtu anayemtazama mtoto." Akamgeukia Fundi. "Ulijua?"

Angeweza kusema mengi. Kwamba aliombwa. Kwamba alikuwa anapanda zile ngazi kila baada ya siku moja.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili na kitu. Maji yalipoanza kuharibika."

"Na nilikupigia simu."

"Ulinipigia."

Binti alikaa upande wa pili wa benchi, akashika tama. Wauguzi walipita na kitoroli. Alipoongea tena hakumtazama.

"Ameniambia huko ndani nisikuache umesimama nje, wewe ni mwanafunzi wake. Anasema una shida na L na R." Sauti yake haikuwa na kicheko. "Nilidhani anachanganya. Alikuwa anakufundisha?"

"Kusoma."

"Kwa hiyo ulinyamaza ili usome."

Fundi alitafuta ndani yake neno la kukataa na akakuta hakuna hata moja lililo zima. Kile alichokuwa hakitaki kuinama kukitazama sasa kilikuwa kimewekwa kwenye benchi kati yao, na aliyekiweka alikuwa na haki.

"Na kwa sababu aliniomba," akasema mwishowe. "Lakini na hilo pia. Ndiyo."

Binti alitikisa kichwa polepole, si kukubali, si kukataa. Akainuka akarudi wodini, na mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake.

*

Baada ya wiki tatu simu ya binti ilikuja, fupi. Mama ameshahamia kwake. Nyumba inarudishwa kwa mwenyewe mwisho wa juma. Aje atoe tangi.

Sebule ilikuwa tupu isipokuwa tangi na alama za miguu ya viti sakafuni. Kambale watano wa masharubu walikuwa wamesalimika, kwa vile walijichimbia chini ya gogo siku ile, na konokono wote. Fundi alikuwa amekuja kuwatazama kila baada ya siku mbili, kwa ufunguo ambao hakuna aliyemwomba aurudishe. Maji yalikuwa maangavu tena. Hakuna aliyekuwa akiwalisha zaidi ya ilivyopasa.

Binti alisimama dirishani, amempa mgongo Fundi aliyekuwa anafanya kazi. Alivuta maji hadi nusu. Aliwaopoa kambale mmoja mmoja, akawatia kwenye ndoo yenye mfuniko wa matundu, pamoja na sponji, ili wadudu wasife. Aling'oa mimea. Mizizi ilikuwa imesukana chini ya udongo, hata ilikuwa vigumu kujua upi ni wa nani. Ilikatika kwa sauti ndogo, kama uzi unaokatwa kwa meno. Aliizungushia gazeti bichi. Akavuta maji yaliyobaki, akachota udongo kwa kikombe, akakifuta kioo.

Ndoo na mimea alivishusha kwanza, akaviweka kivulini chini ya ngazi. Aliporudi juu alikuwa anahema.

"Hili siwezi peke yangu, dada. Naomba unishikie upande mmoja."

Alidhani atakataa. Binti alivua bangili, akaitia mfukoni, akaja.

Walilinyanyua kwa pamoja. Fundi alitangulia kinyumenyume, ili uzito umwangukie yeye. Walishuka ngazi za kwanza wakiambizana maneno ya kazi tu: taratibu, kona, kushoto kwako, ngoja. Kwenye ghorofa ya pili mlango wa mshona nguo ulikuwa wazi, cherehani inanguruma, na ikanyamaza walipopita.

"Analala kutwa," binti akasema ghafla. Alikuwa anazitazama ngazi, si yeye. "Nimemwekea kitanda kwenye chumba cha nyuma. Kizuri, kina hewa. Anageukia ukutani."

"Ukutani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ukuta tu."

Walishuka ngazi tano, sita.

"Jana aliniuliza kama wameshaamka," binti akasema. "Nikamuuliza, nani, mama? Hakuniambia." Ni wadudu wake, Fundi alijua, wale walio ndani ya sponji.

Fundi alihisi jasho likimwingia jichoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. "Tupumzike?"

"Hapana. Nikiliweka chini sitaweza kulinyanyua tena."

Wakatoka nje, kwenye jua. Upande mmoja lilikuwa limesimama gari la mizigo, viti viwili vya Mwalimu vimefungwa kamba juu yake, dereva ameegemea mlango anasubiri. Upande wa pili, kwenye ukuta, palikuwa na mkokoteni wa Fundi, umetandikwa magunia. Ndoo yenye kambale ilikuwa katikati, pale pale alipoiweka.

"Gari au mkokoteni, dada?" Fundi akauliza.

Kupitia vioo viwili, Fundi aliuona uso wa binti ukilitazama gari, kisha mkokoteni, kisha ndoo ile yenye mfuniko. Kona ya ndani ya tangi ilikuwa bado na maji kidogo, yakienda huku na huku kwa kadiri uzito ulivyowayumbisha. Dereva alijiweka sawa, akauliza kama asaidie. Walisimama hivyo, kila mmoja na upande wake, vidole vimekuwa vyeupe kwenye kingo za kioo.